Maswali ya Wasomaji: Pesa za Kivuko cha Waenda kwa Miguu Ziko kwa Nani?

*Barua hujibiwa na Bi Mhandisi, msimamizi mstaafu wa kazi za barabara, Mombasa.*

Assalaam aleikum Bi Mhandisi. Mimi ni mama wa watoto watatu na mwanakamati wa wazazi katika shule moja ya msingi huku Kisauni. Mbele ya shule kuna njia panda, barabara ya lami ya leni nne inapokutana na barabara ya mtaa. Hapana zebra, hapana tuta, hapana taa. Mwaka huu mtoto wa darasa la tatu aligongwa na tuktuk akavunjika mguu, na haukupita muda mzee mmoja mwenye baiskeli akaangushwa na matatu iliyokuwa ikikata kona. Tumeandika barua. Ofisi ya kwanza ilisema barabara si yao. Ya pili ikasema ni yao lakini pesa hakuna. Ya tatu ikapiga barua muhuri, na mpaka leo kimya. Wazazi wanataka tufunge barabara kwa matairi. Mimi naogopa tutarushiwa vitoza machozi mbele ya watoto wetu. Tufanye nini pesa zipatikane? — Mama wa Kisauni

Waaleikum salaam, mwanangu. Mtoto na mzee wapeni pole zangu, na mama yake mtoto zaidi.

Naanza na jibu la ofisi ya pili, maana ndilo linalowavunja watu moyo. "Pesa hakuna" mara nyingi ni kusema kwamba kazi yenu haimo katika orodha ya mwaka huu. Pesa zenyewe zipo na zinaingia kila siku. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa Kenya hukatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Kijana wa bodaboda anayetia mafuta alfajiri ameshachangia kabla hajambeba abiria wa kwanza. Fungu hilo husimamiwa na Bodi ya Barabara Kenya, na kila mwaka wa fedha bodi hiyo huchapisha mpango wa kazi unaotaja barabara zitakazotengenezwa, kazi yenyewe, na mamlaka itakayoisimamia. Utafuteni huo mpango kabla ya kuandika barua nyingine yoyote. Muangalie barabara yenu imo au haimo.

Sasa ofisi ya kwanza. Sheria ya Barabara ya 2007 ilizaa mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani. Katiba ya 2010 nayo ikazikabidhi kaunti barabara za kaunti. Njia panda ndipo mambo haya yanapogongana, kwa sababu barabara mbili zinazokutana pale huenda zina wenyewe wawili. Mwenye barabara kubwa atakwambia watoto wanatokea upande wa mtaa, na mwenye barabara ya mtaa atakwambia gari linalogonga liko kwenye barabara kubwa. Wote wawili wamesema kweli, na mtoto amebaki pale pale.

Dawa yake ni barua moja, si tatu. Iandikeni kwa wenyewe wote wawili kwa pamoja, majina ya ofisi zote mbili yawe juu ya karatasi ile ile, na chini muandike nakala imepelekwa kwa nani na nani: mwakilishi wa wadi, msimamizi wa kaunti ndogo, kamanda wa trafiki, na NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ofisa anayeona jina la mwenzake kwenye barua hana pa kuisukumia.

Ndani ya barua hiyo ulizeni maswali mawili tu, na mseme mnauliza chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. La kwanza: njia panda hii ni ya nani, upande kwa upande? La pili: katika mwaka huu wa fedha na ule ujao, barabara hizi zimepangiwa kazi gani? Sheria inampa ofisa siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa habari inayotakiwa inahusu uhai wa mtu. Akinyamaza, mnakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu waijuayo kama ofisi ya Ombudsman. Hailipiwi.

Swali hilo la pili ndilo ninalotaka ulishike, kwa sababu hapo ndipo zilipo pesa zenu. Msiombe mradi. Naijua kazi hii kwa ndani: mradi mpya wa njia panda moja unataka upimaji wake, mchoro wake, zabuni yake, mkandarasi aje na mitambo yake. Gharama za kuanza tu zinaweza kushinda zege na rangi. Lakini barabara ikiwa tayari imepangiwa kuwekwa lami upya, mkandarasi yuko njiani. Mashine ya kupaka mistari anayo. Saruji ya kingo anayo. Katika orodha ya vipimo na bei, ile tunayoiita BQ, tayari kuna mstari wa rangi kwa mita ya mraba, mstari wa alama za barabarani kwa idadi, mstari wa ukingo kwa mita. Zebra yenu ni mita chache za mraba zinazoongezwa kwenye mstari uliokwisha kuwekewa bei. Hilo mhandisi aliyeko kazini anaweza kulipendekeza bila zabuni mpya, almuradi aombwe kabla BQ haijafungwa, au mapema kabla akiba ya dharura ya mkataba haijaliwa na mambo mengine.

Na lami mpya ndiyo wakati wa kuogopa zaidi. Mashimo, pamoja na ubaya wake wote, huwa yanampunguza dereva mwendo. Siku barabara inapokuwa laini, matatu ile ile inapita mbele ya shule kwa kasi nyingine kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Kwa hiyo mkisikia barabara yenu inawekwa lami, msishangilie mkaenda zenu nyumbani. Nendeni na karatasi.

Karatasi gani? Hapa nataka mchukue asubuhi mbili za siku za shule. Mtu mmoja asimame kona moja, mwingine kona ya pili, wa tatu kona ya mkabala, kila mmoja na daftari lililopigwa mistari. Kuanzia saa kumi na mbili na robo mpaka saa moja na robo, kila anayevuka apigiwe alama: mtoto, mtu mzima, mwenye baiskeli, mwenye mkokoteni, mwenye fimbo au kiti cha magurudumu. Mtu wa nne apige picha za magari yanavyokata kona, bila kushika sura za watoto. Baada ya hapo mwombeni askari wa trafiki awasaidie kunyoosha futi kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Msiivute peke yenu, na msiivute asubuhi.

Tuseme mmepata mita 14, ambacho ndicho kipimo cha leni nne za kawaida. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 12 kumaliza. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu ulioruhusiwa na sheria mjini, litakuwa limekwenda zaidi ya mita 160 katika sekunde hizo. Maana yake mtoto anatakiwa alione na alipime gari lililo mbali kuliko urefu wa uwanja wa mpira, kisha aamue. Mtoto wa darasa la tatu hajui kupima kasi ya gari. Akili yake bado haijafika huko, hata umfundishe vipi nyimbo za usalama barabarani. Sasa wekeni kisiwa cha zege katikati, upana wa mita 2, mtu asimame apumue. Anavuka mita 7, sekunde 6, na gari la kuangalia liko umbali wa kama mita 80, tena kutoka upande mmoja tu. Hesabu hiyo iandikeni kwenye barua kwa namba zenu wenyewe. Mhandisi atakayeisoma ataielewa upesi kuliko sentensi kumi za uchungu, ingawa uchungu mnao na haki yenu.

Muombe nini hasa? Zebra ya rangi peke yake siiamini. Nimeona nyingi zimefutika kabla ya mvua za masika ya pili, na dereva wa kwetu haisimamii rangi. Ombeni zebra iliyoinuliwa, yaani imechorwa juu ya tuta bapa, ili anayepita apunguze apende asipende. Ombeni kisiwa. Na ile kona iliyomwangusha mzee wa baiskeli ombeni ibanwe. Kona ikiwa pana, matatu inaizunguka bila kukanyaga breki. Ukingo ukisogezwa mbele, dereva analazimika karibu asimame ndipo akate, na anayevuka pale anapata hatua mbili tatu za bure. Kwenye BQ huo ni ukingo wa mita chache na mawe ya kujazia.

Kama anayetilia shaka atawauliza mambo haya yamefanya kazi wapi, mwambieni Dar es Salaam. Shirika la usalama barabarani la Amend lilipita shule za msingi kwenye mitaa yenye ajali nyingi likaweka njia za miguu, matuta, vigingi vya kuzuia magari, na kwingine likahamisha lango la shule lisitazame barabara kubwa. Utafiti uliofanywa huko ulionesha majeruhi walipungua kwa hadi asilimia 26, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kwanza ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute), dola 250,000. Hilo la lango liangalieni na nyinyi. Kama ukuta wa shule una upande unaotazama mtaa wenye utulivu, lango jipya ni kazi ya fundi mwashi na kamati ya shule, halingoji mamlaka yoyote ya barabara.

Ikitokea mkaambiwa njia panda ni ya kaunti, basi mnashindana na kalenda, na kalenda hiyo imeandikwa katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha, tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, tarehe 30 Aprili. Mwaka unafunguliwa tarehe 1 Julai. Watu wengi hujitokeza Mei, kikao cha maoni ya umma kinapotangazwa gazetini, wakati kila shilingi imeshapewa jina na kuongeza kivuko chako ni kumnyang'anya mwingine zahanati. Wa Agosti ndiye anayesikilizwa. Mpango mkubwa wa miaka mitano, ule wa 2023 hadi 2027, nao uangalieni: kama una neno lolote kuhusu waenda kwa miguu au usalama wa shule, linukuuni kwa ukurasa, muwaambie mnadai kilichoahidiwa.

Hazina ya maendeleo ya eneo bunge msiikimbilie. Fungu lile ni la majukumu ya serikali ya kitaifa, na barabara ya kaunti si mojawapo. Mtapoteza mwaka.

Barua zikikwama kabisa, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na Katiba kifungu cha 119 inatoa haki hiyo hiyo kwa Bunge la kitaifa. Ombi hilo si barua ya kawaida. Likishapokewa lazima lipelekwe kwa kamati, na kamati humwita ofisa aje aeleze. Na hakikisheni ajali zote mbili ziliandikwa polisi na namba za OB, lile daftari la matukio la polisi, mnazo. Ajali isiyo na OB, mbele ya wapanga bajeti, haikutokea.

Kuhusu matairi: nakubaliana nawe, mwanangu. Naelewa hasira ya wazazi na siilaumu hata kidogo. Lakini nimeona mahali barabara ilipofungwa, tuta likaletwa usiku ule ule na watu waliotaka tu fujo ziishe: tuta refu la udongo na kokoto, bila alama, bila rangi. Mwenye baiskeli wa kwanza aliyepita gizani aliumia pale.

Shikamoo Bi Mhandisi. Sisi ni vijana wa baiskeli, tunasambaza mikate alfajiri kutoka Kongowea mpaka Bamburi. Kwenye njia panda hatuna pa kupita: kushoto mtaro, kulia lori. Tuliambiwa njia ya baiskeli ni ya nchi tajiri. Je, kuna fungu lolote la baiskeli Kenya? — Wana wa Mikate

Marahaba, wanangu. Aliyewaambia hivyo hajui kwamba Kaunti ya Nairobi iliandika sera yake ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015 na ndani yake ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Sera si pesa, nawatahadharisha. Pesa ni mpaka iwe mstari kwenye bajeti. Lakini ni hoja nzito ya kuingia nayo kwenye kikao cha hapa kwetu: mji mkuu umejiwekea kiwango, sisi chetu ni kipi, na kimeandikwa mstari gani?

Bamburi mnaifikia kwa barabara ya kwenda Mtwapa na Kilifi, na barabara hiyo inapanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na msaada wa Umoja wa Ulaya. Kwa kazi za wakopeshaji kama hao masharti huwa makali kuliko kwa shilingi ya ndani: lazima pawe na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wananchi, na anayelipa husoma ripoti zake. Palipo na kazi kama hiyo, tafuteni ofisi ya mhandisi mkaazi, yaani anayesimamia ujenzi hapo hapo, ulizeni daftari la malalamiko, muandike njia panda moja moja kwa jina la mahali, tatizo na saa mnayopita. Fanyeni hivyo wakati mitambo ingalipo. Kazi ikishakabidhiwa, kusogeza ukingo mmoja ni safari ya miaka.

Halafu kuna jambo dogo ambalo nyinyi mnalijua kwa magoti yenu. Vile vyuma vya kufunika mitaro kwenye kona, nondo zake zikilazwa sambamba na barabara, gurudumu la mbele linazama katikati, baiskeli inasimama na kreti ya mikate inakwenda mbele na mwenyewe. Nondo zikikingama, gurudumu linapita. Kukigeuza au kukibadili kifuniko ni kazi ya matengenezo ya kawaida, haingoji mradi wala sera. Andikeni orodha: kona ipi, upande upi, picha moja kwa kila kifuniko na baiskeli imesimamishwa kando yake ionekane upana wa tundu. Mwaka huu ombeni hivyo vyuma. Njia ya baiskeli ombeni pamoja navyo, katika barua ile ile, ila vyuma vitangulie.

Dada yetu, salaam kutoka Columbus, Ohio. Tuko kikundi cha watu wa Pwani hapa Marekani na tumechanga pesa kidogo. Tunataka kupakwe zebra mbele ya shule tuliyosoma. Tumepata na fundi wa rangi tayari. Kuna ubaya? — Wa Pwani wa Ohio

Mungu awazidishie kwa moyo huo. Ila fundi mwambieni angoje. Alama za barabarani ni za mamlaka yenye barabara, na zebra iliyochorwa na raia ina hatari kuliko kutokuwepo: mtoto anaiamini, dereva haijui, na wakili wa bima akija anauliza nani aliyeiweka.

Mazingira mliyomo yanaweza kuwapa picha. Sheria ya miundombinu ya Marekani ya 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka mitano chini ya mpango wa barabara salama kwa wote, serikali kuu ikilipa hadi asilimia 80 ya gharama. Lakini mji hauwezi kuomba pesa za ujenzi kabla haujaandika mpango wa usalama unaoonesha watu wanaumia wapi na kwa nini. Kuna ruzuku nyingine ya kuandikia mpango huo. Hata penye mabilioni, karatasi ndiyo inayotangulia. Mifuko ya kimataifa iko vivyo hivyo. Ule wa Umoja wa Mataifa wa usalama barabarani, ulioanzishwa 2018, hupitia kwa mashirika yake na serikali, haukipi pesa kikundi cha mtaa.

Kwa hiyo pesa zenu zipelekeni pale ambapo bajeti ya serikali haifiki kwa urahisi: mlipieni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya aipime njia panda, achore, na akadirie gharama. Kamati ya wazazi iende naye kwa mwenye barabara, wapate barua ya kukubali mchoro. Mamlaka ikishakuwa na mchoro uliolipiwa na makadirio yaliyokwisha fanywa, kazi yenu inaweza kuingizwa penye mabaki ya pesa za mwaka, maana Mei na Juni ofisi hutafuta kazi iliyo tayari. Kikibaki kitu, kampuni za karibu na shule zinaweza kuchangia vigingi na taa kwa mkataba wa maandishi na mamlaka, si kwa mkono kwa mkono na fundi. Mchoro ukishatiwa sahihi, nakala moja ifike ofisi ya barabara kabla Agosti haijaisha, ya pili kwa mwakilishi wa wadi, na ya tatu akae nayo mwalimu mkuu.